Mlango wa Bustani na Posa ya Nyibol

Munuki,
Juba.
Jumapili, 9 Machi 2008

Mpendwa Mama Mdogo Athieng,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo wewe na Baba Mdogo? Watoto hawajambo? Na mgongo wako, umepoa tangu ulipoacha kubeba maji? Kabla hujaanza kuwa na wasiwasi, nikuambie kwamba hapa hakuna mgonjwa wala aliyefariki. Mama anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi, lakini mwezi huu Munuki nzima inakohoa.

Kitale kukoje? Mvua zimekaribia? Ninakumbuka ile baridi ya asubuhi na jinsi ulivyokuwa ukitufunga leso shingoni hata tukikataa. Hapa jua likichomoza huwa limeshakasirika.

Barua hii ameileta Dau, yule binamu wa Mabor anayefanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege. Mpe chai apumzike, lakini usimwulize chochote mpaka umalize kusoma. Yumo humu ndani, na akianza kusimulia yeye atafanya habari ionekane kama kichekesho. Haikuwa kichekesho.

Nilikuambia kwa simu kwamba nimepata kazi, ila salio likaisha kabla sijasema kazi gani. Ninakaa mlangoni. Kuna bustani ya umma kando ya mto ambayo zamani ilikuwa jaa la chupa za plastiki na mahali pa walevi. Sasa kampuni fulani imepewa iitunze, na tangu mwezi wa pili kila anayeingia analipa pauni moja. Mimi nimepewa kiti, mwavuli, aproni ya kijani na kitabu cha tiketi. Mtu akija namkatia, anapita. Kwa mtu kama mimi ni kazi nzuri, kwa sababu siulizwi maneno mengi. Unanijua. Hata shuleni nilikuwa nikilijua jibu, nangoja mwingine alitaje.

Msimamizi wangu anaitwa Emilio Gune. Ni Mbari aliyekulia Arua, Uganda, wakati wa vita, na bustani hiyo anaipenda kama shamba lake. Mtu akilalamikia pauni, humshika mkono akamwonyesha choo. "Unaona hii? Ndani iko na maji, iko na sabuni. Hii ndiyo pauni yako." Na ni kweli, Mama Mdogo. Kabla ya pauni hakukuwa na choo wala benchi, na mwanamke hangekaa pale peke yake.

Lakini Baba hataki kulisikia jambo hilo. Siku nilipomweleza kazi yangu aliacha kula. Alisema hakulala msituni miaka yote ile ili watoto wake waje wawalipishe watu kukaa chini kwenye nchi yao. Nikamwambia wafagiaji wanahitaji mshahara. Akasema mshahara wa wafagiaji ni kazi ya serikali, si ya mama anayetoka sokoni na miguu inayomuuma. Na wale akina mama ninawaona kila siku. Zamani waliingia wakapumzika kidogo kwenye kivuli. Sasa wanakaa nje ya ua, upande wa jua, wakitazama benchi tupu kupitia waya.

Sasa nikueleze habari yenyewe.

Unajua Mabor amekuwa akimtaka dada Nyibol tangu walipokuwa wote Nakuru. Upande wake walipotuma ujumbe mwezi wa kwanza kwamba wazee wao wanakuja kuzungumza, hatukuwa na mahali pa kuwaweka. Kiwanja chetu tunakaa familia tatu, na mwenye nyumba alikuwa anachimba choo kipya katikati kabisa, kwa hiyo hata kuku wamekosa njia. Baba akawaambia tukutane bustanini, chini ya miti, karibu na maji. Wakakubali. Wakati huo kuingia kulikuwa bure.

Pauni ilipoanza, Mama alimwomba abadilishe mahali. Baba alikataa. Alisema akibadilisha, wakwe watasema ameshindwa na pauni moja, na akilipa, atakuwa amekubali kwamba pauni ni halali. Akasema tumwachie, atajua la kufanya.

Alichofanya ni kuja mapema. Jumamosi ya wiki iliyopita, yeye na baba zangu wakubwa walifika Emilio akiwa bado anafagia, mlango haujafunguliwa kwa wageni. Walimsalimu, wakaingia na viti vyao, wakaenda kukaa chini ya miti. Mimi nilipofika kazini niliwakuta wameshajipanga, wamevaa suti, mgongo kwa mlango. Nilifurahi. Niliona mambo yamekwisha.

Sikufikiria wageni wataingiaje.

Upande wa Mabor ulikuja kwa pikapu. Mbele alitembea Mzee Kur, mjomba wake mkubwa aliyetoka Yirol kwa ajili ya mazungumzo hayo tu. Ni mrefu, na anashika fimbo ambayo haimsaidii kutembea. Nilisimama, nikasalimu, nikatazama chini. Kwetu mdogo wa bibi harusi hapigi soga na wazee wa wakwe siku kama ile, na wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha. Lakini mkononi nilikuwa na kitabu cha tiketi, na Emilio alikuwa amekwisha kufika mbele yao na tabasamu lake.

"Karibuni, wazee. Kila mtu pauni moja."

Mzee Kur haelewi Kiswahili. Aliuliza kwa Kidinka mtu huyu anasema nini. Dau akanicheka.

"Shemeji, kumbe leo mmetufungia geti? Nilidhani hayo tumeyaacha Nakuru."

Nilitikisa kichwa tu. Dau akamgeukia mzee, akamweleza, naye alikuwa anaamini anachosema, kwa sababu ameona harusi nyingi za majirani kule Kenya. Akamwambia ni desturi ya huko, kwamba upande wa msichana hufunga mlango mpaka upande wa mvulana utoe kitu kidogo. Ni mchezo tu, babu, tutoe tuingie, jua kali.

"Huyu msichana ni wa nani?" Mzee Kur akauliza.

"Ni mdogo wake Nyibol."

"Na wale waliokaa kule ndani?"

"Ndio wakwe zetu."

Mzee alitazama migongo ya akina Baba kwa muda. Kisha akatazama mkono wangu.

"Ng'ombe hatujataja hata mmoja, na wameshamweka mtoto mlangoni atudai," alisema. "Wamekaa wanatupa mgongo huku tunadaiwa. Hawa wamerudi na nini kutoka huko walikokuwa?"

Akageuka. Wote wakageuka naye, hata Dau, ambaye sasa hakuwa anacheka. Walivuka barabara wakaingia kwenye rakuba ya Namukasa, kile kibanda cha nyasi cha Mganda anayeuza chai mkabala na mlango wetu. Walikaa pale, nikamwona mmoja akimtafuta dereva wa pikapu.

Mama Mdogo, sijui kama naweza kukueleza dakika zile. Ndani, Baba alikuwa ameona wageni wamefika na wamegeuka. Hakuweza kutoka kuwaita, kwa sababu baba wa msichana hamfuati mkwe barabarani. Nje, Mzee Kur hakuweza kuingia. Kila upande ulikuwa unangoja mwenzake na kila upande unazidi kukasirika, na katikati yao ni mimi na mwavuli. Nyumbani Nyibol alikuwa amevaa lile gauni la bluu ulilomshonea, anasonga ugali wa watu wengi, wa kuliwa mambo yakikwisha.

Nilimnong'oneza Emilio awaache wapite. Akasikitika kweli, lakini akasema, "Malesh, samahani dada. Nikiacha hawa, kesho kila mtu atasema yeye pia iko na harusi." Nikamwambia akate kwenye mshahara wangu. Alikubali, ila nikakumbuka kwamba wakisikia tumewalipia kama watoto itakuwa tusi la pili. Nikamwambia basi, aache.

Namukasa alivuka kuja kuchota maji kwenye bomba letu.

"Wewe Adeng, ule mzee anasema anarudi kwao leo leo. Enda ongea naye."

"Siwezi, Mama."

"Nani ataweza? Mimi? Mimi iko na chai tu. Lugha yao sijui." Akajaza ndoo yake bila kunitazama. "Basi kaa hapo na kitabu yako."

Nilivua ile aproni ya kijani. Sijui kwa nini, niliona tu siwezi kusimama mbele yake nikiwa nimeivaa. Nilivuka barabara, bodaboda moja ikanipigia honi. Nilifika kibandani. Nilitazama viatu vya Mzee Kur na nikaanza kusema, na Kidinka changu, unajua kilivyo, kina Kitale ndani yake. Kijana mmoja alitabasamu. Mzee alimtazama, tabasamu likaisha.

Nilisema, "Babu, ile pesa si yetu. Ni ya bustani. Kila mtu analipa, hata mimi nikija siku isiyo ya kazi ninalipa. Dau amekosea. Hatukuwafungia mlango."

Aliniacha nimalize. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Baba yako alilipa?"

Nilijua kwamba nikisema ndiyo, watasimama, wataingia, na yote yatakwisha. Nyibol ataolewa. Lakini Baba hajawahi kusema uongo mbele ya wazee, na wangemwuliza yeye mwenyewe wakifika tu. Tena uongo ungetoka kinywani mwangu, si mwake.

"Hapana, Babu. Aliingia kabla mlango haujafunguliwa. Hataki kulipa."

"Kwa nini hataki?"

"Anasema ardhi hii ni ya watu wote."

Mzee Kur aligonga fimbo chini mara moja. "Kwa hiyo kwake yeye ardhi ni ya watu wote, na kwangu mimi ni ya kununua," alisema. "Nenda umwambie atoke. Akitoka, tutazungumza habari ya kuingia."

Ndivyo nilivyorudi na ujumbe ambao hakuna mtoto anayepaswa kumpelekea baba yake. Baba wakubwa walinigeukia wote. Nilisema maneno ya mzee kama yalivyo. Baba aliuliza jambo moja tu.

"Ulimwambia sikulipa?"

"Ndiyo, Baba."

Alitazama mto. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ile tulipovuka Lokichoggio na lori lisilo na breki. Baba yangu mkubwa alimwambia, "Aguer, usitoke. Ukitoka, watakuona mdogo." Baba alisimama, akachukua kiti chake mwenyewe, akakibeba begani na ile suti yake, akaanza kutembea kuelekea mlangoni. Emilio alimwambia kwa heshima kwamba mzee akitoka, kurudi ni kwa tiketi. Baba alipita kama aliyesikia upepo.

Alivuka barabara. Akakiweka kiti kwenye vumbi, mbele ya Mzee Kur, nje kabisa ya kivuli cha kibanda, akakaa.

"Hapa hakuna mlango," alisema. "Tuzungumze."

Mzee Kur alimtazama, akatazama kiti, akatazama juu. "Hapa jua litatuua."

"Litatuua sote sawasawa."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Baba na nikaona mdomo wa mzee ukisogea kidogo. Akatoka kwenye kivuli, akavuta benchi lake hadi juani. Baba wakubwa wakaja na viti vyao, mmoja mmoja, wakinung'unika. Na hivyo ndivyo posa ya Nyibol ilivyozungumzwa, Mama Mdogo, kando ya barabara ya vumbi, karibu na kituo cha bodaboda, watu wazima wenye suti wakipepea nyuso kwa kofia, na upande wa pili wa waya benchi zote zenye kivuli zikiwa tupu. Namukasa alichemsha sufuria kubwa, kisha akashangaa hakuna anayekunywa. Alikuja mlangoni kuniuliza kama wanaogopa sumu. Nikamweleza kwamba wakwe hawali wala kunywa mbele ya wakwe mpaka mambo yafike mbali. "Sasa wangeniambia mapema," alisema, akarudi na hasira yake.

Mimi nilirudi kwenye kiti changu nikavaa aproni. Pikipiki zikinyamaza nilisikia vipande vipande: rangi ya fahali, jina la shangazi aliyeolewa zamani, neno la Baba, kicheko, kimya. Wakati mmoja Mzee Kur alipaza sauti, Baba naye akapaza, na watu wote wakasimama. Niliposhtuka nilikuta nimekata tiketi na hakuna mteja. Wakakaa tena. Tiketi ile ikanibidi niilipe mwenyewe.

Jioni waliondoka kimakundi. Hakuna mwanamume anayesimama kumweleza msichana mambo yalivyokwisha. Baba alikunja kiti, akapita mbele yangu bila kunitazama. Nilijaribu kusoma mgongo wake nikashindwa.

Kisha Mzee Kur akaja mlangoni peke yake. Alinyoosha pauni. Nilirudisha mikono nyuma, nikatikisa kichwa.

"Kata," alisema.

Nikamkatia. Aliingia, akatembea taratibu hadi chini ya ile miti, akakaa kwenye benchi ambalo angekalia asubuhi, akatazama maji. Emilio alisimama wima kama askari. Mzee hakukaa sana. Alipotoka alisimama mbele ya kiti changu, nami nikainuka, nikatazama viatu vyake kama mwanzo.

"Ni pazuri," alisema. Akahamishia fimbo mkono mwingine. "Siku utakapokuja kwetu kumtembelea dada yako, hakuna atakayekuuliza kitu mlangoni."

Akaenda zake. Alikuwa amekwisha kupanda pikapu nilipoelewa alichoniambia. Nilifunga mwavuli vibaya, nikakimbia hadi Munuki. Nyibol alikuwa amekaa karibu na chakula kilichopoa, amekwisha kulivua gauni na kulikunja. Nilimwambia maneno ya mzee, yeye akayarudia polepole, kisha akaufunika uso kwa lile gauni.

Mama Mdogo, tangu siku hiyo nimefikiria sana habari ya pauni. Emilio ana haki, ufagio haujisukumi wenyewe. Lakini naona mtu anayekuja kukaa tu, mgonjwa, mwanafunzi, mama wa sokoni, asidaiwe. Walipishwe wanaofunga eneo kwa sherehe na muziki, na wenye maduka wanaotundika mabango yao kwenye ua wetu. Jumatatu nilimwambia Emilio hivyo, sentensi nzima bila kukatiza. Alinitazama akasema, "Wewe siku hizi iko na maneno." Ameahidi kuyapeleka ofisini, ila hakuahidi watakubali. Wakikubali, labda kiti changu hakitahitajika tena. Hilo nalijua, na nilisema hata hivyo.

Kinachonikosesha usingizi ni Baba. Hajanigombeza. Ila tangu Jumamosi ile hajaniita jina. Akitaka chumvi iliyo mbele yangu anamwomba Mama. Mabinamu wanasema nilimvua nguo mbele ya wakwe. Sidhani ningeweza kusema vingine, lakini hilo halinisaidii wakati wa kula. Naomba umwandikie. Wewe anakusikiliza, kwa sababu ndiwe uliyekaa nasi alipokuwa vitani. Usimwambie nilikuwa na haki. Muulize tu habari za wakwe zake wapya, atafurahi kukujibu.

Na ujitahidi uje. Mazungumzo ya mwisho ni baada ya Pasaka na upande wa Mama lazima uwepo. Mahali bado hapajapangwa, na choo cha mwenye nyumba ndiyo kwanza shimo limefika kiunoni. Jana jioni Baba alikuwa anasikiliza redio. Bila kunigeukia aliuliza kama kule ndani mchana kivuli kinatosha watu wengi.

Nikasema, "Kinatosha, Baba."

Akapunguza sauti ya redio. "Na hicho choo mnachojisifia?"

"Ni kisafi, Baba."

Akaiongeza tena. Sijui maana yake, na sikuthubutu kuuliza. Nimeweka pauni moja pembeni, ndani ya kitambaa, asije akakosa chenji siku hiyo. Asijue.

Msalimie sana Baba Mdogo, na Akuol, na Thon ambaye nasikia sasa anavaa viatu vyangu vya shule. Msalimie mwalimu wa kwaya na umwambie bado naimba, ila kwa sauti ndogo. Mama anakukumbatia. Nyibol anasema uje na cherehani yako. Mungu aliyetuvusha mipaka yote ile akuvushe nawe salama, na aushike mgongo wako.

Ni mimi mtoto wako, ninayekupenda na kukungoja,

Adeng